Kimelea si kijidudu

Kutoka kitenzi mea tunapata melea, kumea juu ya kitu kingine, na kutoka hapo kimelea: kiumbe anayeishi kwa kumtegemea mwenyeji wake. Kijidudu ni mdudu mdogo tu. Huko Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, Zambia, ambako malaria haikomi mwaka mzima, tofauti hiyo ni nzito. Mdudu ni mbu, hasa Anopheles funestus, naye hufuatwa kwa dawa ya ukutani. Kimelea ni Plasmodium, aliyeonwa na daktari Laveran nchini Algeria mwaka 1880, yumo katika damu, hata ya mtu asiye na homa. Tukiwaita wote wadudu, mwenye nyumba iliyopulizwa dawa atadhani amemaliza kazi.

Atasema mtu kwamba kimelea ni neno la vitabuni, mgonjwa halijui. Lakini mkulima aliyeona mmea ukiota juu ya mwembe wake anajua maana yake kabla ya kufundishwa. Mwingine atauliza: kipimo cha haraka cha malaria kikishajibu, mtaalamu wa maabara wa nini? Kipimo hicho mara nyingi hunasa protini ya kimelea, nayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya tiba kuwaua vimelea wenyewe. Jicho lililofunzwa, kwenye hadubini, juu ya kioo chenye damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, humwona kimelea mwenyewe na kumhesabu. Kijana wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, anayesema Kiswahili na kuitamani kazi ya maabara, apewe neno kimelea mapema, pamoja na hadubini.