Kukaza springi
Fundi akisema “kaza springi”, wengi hudhani inakuwa ngumu zaidi. Sivyo. Kwenye pikipiki za theluji, kama Ski-Doo ambazo mvumbuzi Bombardier alianza kuziuza kule Valcourt, Quebec, mwaka 1959, kukaza springi za nyuma hasa huinua kimo cha chombo. Ugumu haubadiliki mpaka ununue nyingine. Mimi ningesema “kuinua”, ingawa najua mafundi watacheka.

Keti kitini, utazame nyuma inashuka kiasi gani. Isiposhuka kabisa, umezidisha. Ikigonga chini kila tuta hata baada ya kukazwa, tafuta springi nene zaidi. Usukani unaochelewa kutii ni jambo jingine: fupisha mkanda unaozuia mkono wa mbele ndani ya mnyororo wa mpira, ski zishike theluji.