Idadi ya maua na uzazi wa okidi

Okidi yenye maua mengi huonekana kwa mbali na huvuta wadudu wengi, lakini matunda yake hayaongezeki kwa kadiri ya maua. Katika spishi nyingi, sehemu kubwa ya maua hunyauka bila kuzaa.

Kikomo cha kwanza ni uhaba wa wachavushaji. Takriban theluthi moja ya spishi za okidi hazitoi mbochi, bali huwalaghai wadudu kwa rangi, harufu au umbo. Nyuki akionja maua mawili matatu bila kupata kitu huenda zake, na yaliyobaki kwenye kishada hayaguswi. Hata hivyo, kuondoka huko kuna faida kubwa kwa mmea. Chavua ya okidi hukaa katika kifurushi kinachonata mwilini mwa mdudu. Akizidi kuzunguka mmea uleule, chavua hiyo huishia kwenye maua ya mmea huohuo ulioitoa, na mbegu za namna hiyo mara nyingi huwa hafifu. Mwaka 2004, Johnson, Peter na Ågren walichapisha matokeo ya kutia mbochi bandia katika maua ya Anacamptis morio, okidi ya Ulaya isiyo na mbochi: nyuki walikawia, wakaingia maua mengi zaidi, na uchavushaji wa ndani ya mmea mmoja ukaongezeka. Charles Darwin alikwisha kuona kinga dhidi ya hatari hiyo katika okidi nyingine, Orchis mascula. Kifurushi hunata kikiwa wima kichwani mwa nyuki, kisha baada ya kama nusu dakika huinama na kuelekea stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua. Kufikia hapo nyuki kwa kawaida yuko kwenye mmea mwingine.

Kikomo cha pili ni chakula cha mmea, na wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda wanakijua vizuri. Vanila ni okidi, na kila ua lake hudumu siku moja tu. Asubuhi mkulima huinua kwa kijiti kiutando kinachotenga chavua na stigma, kisha hubana kwa kidole gumba, njia aliyoibuni mtumwa kijana Edmond Albius huko Réunion mwaka 1841. Hachavushi kishada kizima. Matunda yakizidi huwa mafupi, na mmea hudhoofika.

Gharama hiyo huonekana hata kwa Cypripedium acaule, okidi ya Amerika Kaskazini inayotoa ua moja tu. Ilipochavushwa kwa mkono mwaka baada ya mwaka, mimea iliyozaa ilipungua ukubwa na uwezekano wake wa kuchanua tena ukashuka.