KUPELEKA, KUFIKISHA NA KUKABIDHI: HISTORIA YA KIFURUSHI MLANGONI

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania mwaka 2021, wafasiri wamekuwa wakikutana mara kwa mara na maneno matatu ambayo hutumiwa kana kwamba ni neno moja: kupeleka, kufikisha na kukabidhi. Si jambo dogo. Siku za kujibu hati huweza kuhesabiwa tangu hati ilipomfikia mhusika, na neno likikosewa, haki ya mtu huweza kupotea. Tofauti ya maneno hayo hudhihirika hasa pale tarishi wa posta anapobisha hodi na nyumbani hamna mtu.

Kwetu swali hilo lilichelewa kuzuka, kwa kuwa barua zetu hazikuzoea kuja mlangoni. Kifurushi hufika posta kikakaa. Karatasi ya taarifa hutiwa katika sanduku la mwenyewe, naye huenda dirishani na kitambulisho chake, akatia sahihi, akapewa. Ndiyo maana anwani zetu zimesimama juu ya herufi tatu, S.L.P., wala si juu ya nyumba.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 1 Julai 1863 posta ya nchi hiyo ilianza kupeleka barua majumbani katika miji bila malipo ya ziada, na tarishi alitakiwa aitie barua mkononi mwa mpokeaji. Alibisha, akapiga filimbi, akangoja. Asipoitikiwa, barua ilirudi mkobani hadi safari nyingine. Muda uliopotea kwa kungoja ulikuwa mwingi, hata ikaamriwa kwamba kuanzia tarehe 1 Machi 1923 kila nyumba inayopelekewa barua mlangoni iwe na sanduku au tundu la kuitilia. Tatizo la barua likaisha hapo. La kifurushi halikuisha: huduma ya vifurushi ilikuwa imekwisha anza tangu tarehe 1 Januari 1913, na kifurushi hakipenyi katika tundu.

Uingereza ilianza huduma hiyo mapema zaidi, tarehe 1 Agosti 1883, nayo inatupa somo la istilahi. Watumishi waliokuwa wakiitwa wachukuzi wa barua walibadilishiwa jina mwaka huohuo wakaitwa watu wa posta, kwa sababu mzigo wao haukuwa tena barua tupu. Sisi tungali tunasikia "mpeleka barua" hata kwa mtu aliyebeba boksi la viatu. Tarishi, neno la zamani lisilotaja mzigo wowote, ni bora zaidi, ijapokuwa maofisini limebanwa likawa jina la mtumishi wa kupeleka majalada.

Turudi kwenye yale maneno matatu. Kupeleka hutazama mwendo tu. Kitu chaweza kupelekwa kisifike. Kufikisha hutazama kikomo cha mwendo huo. Kukabidhi, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kushika, hutazama mkono wa mpokeaji. Mfasiri wa kadi inayoachwa mlangoni na tarishi aliyekosa mtu atashawishika kuandika "tumeshindwa kufikisha kifurushi chako". Si kweli. Kifurushi kilifika hadi kizingitini. Kilichoshindikana ni kukikabidhi.

Jirani naye huongeza utata. Mwaka 2012 Ofcom, chombo kinachosimamia huduma za posta Uingereza, kiliiruhusu Royal Mail kumwachia jirani kifurushi endapo mwenye nyumba hayupo, isipokuwa awe amekataa utaratibu huo. Hapo mkono umepatikana, lakini si wa mhusika. Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni amana. Jirani hupokea kitu akitunze, si kiwe chake. Kwa hiyo tungependelea "kimewekwa amana kwa jirani" kuliko "kimefikishwa kwa jirani", maana usemi huu wa pili waweza kumfanya msomaji adhani kwamba mhusika amekwisha pata mali yake.

Mwaka 2022, katika Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba nyingi za Tanzania zilipewa namba na mitaa ikapewa majina. Tarishi sasa anao mlango wa kubisha, na kadi atakayoiacha itahitaji maneno. Tunapendekeza haya: "Tumefika, hatukukukuta. Kifurushi chako hakijakabidhiwa, kipo posta."