Mwaka Uliopotea

Mwanafunzi akiambiwa kwamba shule imefungwa, moyo wake hukimbilia kwanza likizo. Hufungasha sanduku lake, huagana na wenzake, na siku ya pili yuko kwao. Lakini vijana 3,665 wa mji wa Little Rock, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, walifungiwa shule zao mwezi wa Septemba, 1958, na milango haikufunguliwa tena mpaka Agosti ya mwaka uliofuata. Hapakuwa na tauni wala moto, wala wanafunzi hawakugoma. Aliyezifunga ni gavana wa jimbo lao wenyewe, ili mtoto mweusi asiketi darasa moja na mtoto wa Kizungu.

Chanzo cha mambo haya ni hukumu ya mwaka 1954, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Miaka mitatu baadaye wanafunzi weusi tisa wakakubaliwa kuingia Central High, shule kubwa ya Wazungu wa mji huo. Gavana Orval Faubus akaweka askari mlangoni kuwazuia. Tarehe 4 Septemba, 1957, wanane walikwenda kwa pamoja. Wa tisa, Elizabeth Eckford, msichana wa miaka kumi na mitano, alikwenda peke yake, kwa kuwa kwao hapakuwa na simu na habari ya mahali pa kukutana haikumfikia. Alikuwa amevaa nguo aliyoishona kwa mikono yake. Askari walimkataza kupita, akageuka, na umati ukamfuata nyuma ukimzomea hadi kituo cha basi.

Wakati huo mpiga tarumbeta mashuhuri, Louis Armstrong, alikuwa akizunguka nchini na bendi yake. Vijana wengi weusi walikuwa wakimlaumu kuwa ni mtu wa kuchekacheka mbele ya Wazungu asiyejali mateso ya watu wake. Serikali nayo ilimpenda, hata ikapanga kumpeleka Urusi awe mfano mwema wa Marekani. Basi katikati ya Septemba mwandishi mmoja kijana wa gazeti alimfikia katika mji wa Grand Forks, akamwuliza habari za Little Rock. Mzee yule hakucheka. Alisema maneno makali juu ya gavana, na juu ya Rais Eisenhower mwenyewe, akakataa safari ya Urusi. Siku chache baadaye Rais alituma wanajeshi wapatao 1,200, na tarehe 25 Septemba wale tisa wakaingia darasani wakilindwa kwa bunduki. Sidai kwamba tarumbeta ndiyo iliyomwamsha Rais. Lakini asiyetazamiwa kusema akisema, husikika mbali.

Ndani ya shule hali ilikuwa ngumu. Walipigwa vikumbo, walitemewa mate, na walizuiwa kushiriki katika michezo na uimbaji. Jambo hili la mwisho lilimchoma hasa Minnijean Brown, msichana aliyependa kuimba. Siku moja ya Desemba, katika chumba cha kulia, wavulana walimzuia njia, na sinia lake la chakula likawamwagikia. Alisimamishwa masomo, na Februari, 1958, akafukuzwa kabisa. Mwenzake Ernest Green alistahimili, na mwezi wa Mei akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo katika shule hiyo.

Gavana hakukubali kushindwa. Tarehe 12 Septemba, 1958, Mahakama ya Juu iliamuru kwamba mpango wa kuwachanganya watoto uendelee, na siku ileile yeye akatia sahihi amri ya kuzifunga shule zote nne za sekondari za mji. Wananchi walipopiga kura mwisho wa mwezi, 19,470 walikuwa upande wake na 7,561 dhidi yake.

Ajabu ni kwamba michezo ya mpira haikufungwa! Timu za shule zilizofungwa ziliendelea kushindana jioni, na watu wakaenda kushangilia shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja darasani. Walimu nao, kwa kuwa walikuwa na mikataba, walikwenda kazini kila siku na kukaa mbele ya madawati matupu. Watoto wengi wa Kizungu walipata shule ya binafsi iliyofunguliwa kwa haraka. Weusi hawakupata shule kama hiyo. Wenye jamaa katika miji mingine walipelekwa huko. Wengine walitafuta kazi, au waliingia jeshini, au waliolewa, na wako ambao hawakurudi tena masomoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mwimbaji Harry Belafonte aliongozana na vijana waliofanya maandamano Washington kwa ajili ya shule za pamoja. Walifika langoni kwa Rais, wasipokewe. Walirudi tena Aprili, 1959, wakiwa wengi zaidi, na miongoni mwa waliowahutubia alikuwa Tom Mboya wetu. Huyo Belafonte ndiye pia aliyetia sahihi barua ya kuwaombea fedha za nauli wanafunzi 81 walioruka kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani Septemba ya mwaka ule.

Mwezi wa Mei, 1959, wafuasi wa gavana katika halmashauri ya shule waliwafukuza walimu na wafanyakazi 44. Hapo wenyeji wengi walichoka, wakawaondoa wafuasi hao kwa kura. Juni mahakama ilibatilisha ile sheria ya kufunga shule, na tarehe 12 Agosti milango ikafunguliwa.

Mwezi uleule wa Mei mpiga besi Charles Mingus alirekodi muziki wa kumdhihaki Faubus, nao ulitoka katika santuri bila maneno. Maneno yake yalirekodiwa mwaka 1960, kwa kampuni nyingine. Mwaka huo wa 1960, mwezi wa Februari, bomu lilipasua nyumba ya Carlotta Walls, aliyekuwa mdogo kuliko wote katika wale tisa. Asubuhi yake alichukua vitabu vyake akaenda shuleni.