Programu iliyokataliwa kwao CERN

Tarehe 4 Julai 2012, CERN ilitangaza chembe ya Higgs. Mwaka uliofuata Peter Higgs na François Englert wakapewa Nobel. Poa, walistahili. Lakini mbona hakuna anayeuliza nani alihesabu?

Maanake Higgs haionekani kwa macho. Protoni mbili zikigongana, mgongano huo unaitwa tukio. Programu inachukua tukio moja, inauliza: kuna fotoni mbili hapa? Zina nishati ya kutosha? Kama hapana, tupa, leta lingine. Kama ndiyo, kokotoa uzito wa kile kilichozizaa, weka kwenye grafu. Hivyo hivyo, mamilioni ya mara, mpaka pale karibu na GeV 125 kukaota kanundu kadogo. Hako kanundu ndiko Nobel.

Programu yenyewe inaitwa ROOT, na karibu izimwe ikiwa changa. René Brun tayari alikuwa ameandika HBOOK na PAW kwa lugha ya Fortran, zikatumika na wanafizikia kila mahali. Miaka ya 1990 wakubwa wa CERN wakaamua njia ya mbele ni C++ pamoja na hifadhidata za kununua kwa makampuni. Brun na Fons Rademakers wakajitoa kando, wakaenda kwa jaribio la NA49, na 1995 wakaanza ROOT bila baraka rasmi. Pia wao walitumia C++, kwa hivyo si ati walikuwa wazee wa kuogopa mambo mapya.

Ujanja wao ulikuwa kwa kuhifadhi. Kila kipimo kinakaa safu yake. Kama unataka bei ya sukari tu, utasoma daftari lote la duka kwa nini? Unasoma safu ya sukari, unaenda. Ukiwa na matukio mabilioni, hapo ndipo unaokoa wiki nzima.

1998, Fermilab kule Marekani wakaichukua. CERN wenyewe wakafuata baadaye, shingo upande, na zile hifadhidata za kununua zikaachwa. Wanafizikia hadi leo wanailalamikia ROOT, na wako na sababu, iko na mambo mengi ya kizamani. Lakini wanaitumia.

Tangu 2014, jaribio la CMS limekuwa likiweka data zake wazi kwa umma. ROOT pia ni ya bure. Mimi niliacha chuo, na nilipozishusha hakuna aliyeniuliza cheti.