Pangaboi

Feni la darini tuliliita pangaboi, na ndani ya jina hilo kuna mtu. Nusu ya kwanza ya neno ilivuka bahari kutoka India, ambako pankha ni kitu cha kupepea. Nusu ya pili ni boi, jina walilopewa watumishi wa nyumbani enzi za ukoloni, hata wale wenye mvi. Kabla ya umeme, wakubwa wa Kiingereza kule India walipozwa na pazia refu lililoning'inizwa darini na kuvutwa kwa kamba. Mvutaji mara nyingi alikaa nje ya chumba, barazani, jasho likimtiririka, akimletea upepo mtu aliyelala ndani. Umeme ulipokuja yule mtu aliondoka, jina lake likabaki kwenye chuma.

Nalitumia neno hilo kama taa ninapoitazama historia ya joto hapa Kilwa Kivinje. Joto halifi, huhamishwa. Ukiliondoa hapa linakwenda pale, na pale mara nyingi pana mtu.

Chukua nyumba za mawe zilizobaki mjini kwetu, nyingi zikiwa magofu yaliyoota mizizi. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Jua la mchana hulipenya jiwe lile polepole, hata likifika ndani usiku umeshaingia. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Ukiingia saa saba mchana, unahisi kama umeingia kisimani.

Ubaridi ule ulinunuliwa. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na pamoja na pembe za ndovu walishuka watu waliofungwa, wakisubiri majahazi ya Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukataza kuwasafirisha watumwa kwa bahari, na misafara ikawaswaga kwa miguu kuelekea kaskazini, wakiifuata pwani. Mwenye nyumba alikaa kivulini. Upande wa pili wa ukuta, juani, kulikuwa na aliyeulipia.

Nyumba yetu haikuwahi kuwa ya mawe. Ni ya miti na udongo, na zamani iliezekwa makuti. Makuti hupumua, hewa moto hupenya katikati ya majani na kutoka. Lakini makuti pia huvuja, hushika moto, na baada ya miaka michache hudai kubadilishwa. Tukaweka bati, na sitamlaumu yeyote aliyechoka kuhamisha kitanda kila mvua inaponyesha. Ila bati halipumui.

Chini ya bati hilo nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ina kadi ya grafiki, ile inayobeba kazi ya picha, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kadi nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipozwa na kipande kidogo tu cha aluminiamu, nyingine na kifeni kimoja cha ukubwa wa kisoda. Nguvu ilipoongezeka, joto likaongezeka. Mwaka 2003 NVIDIA ilitoa GeForce FX 5800 Ultra, yenye feni lililopiga kelele hadi wenyewe wakatengeneza video ya kujitania. Tangu hapo kadi zikazidi kunenepa, zikavishwa makava ya plastiki yenye mikunjo mikali kama gari la mashindano.

Kava hilo lina kazi: linaushika upepo wa feni na kuuelekeza kwenye mapezi ya aluminiamu yaliyo chini yake. Lakini feni zake ni nyembamba, umbo lake ni la kadi hiyo hiyo, na likifa moja hulipati dukani. Yangu yalianza kukwaruza msimu wa kaskazi. Kipimo kilisoma nyuzi 84, mashine ikanguruma usiku kucha, na nyuma ya ukuta mwembamba analala mama.

Nikaagiza Kariakoo feni mbili za kawaida za kompyuta, milimita 120 kila moja, zikaja na basi hadi Nangurukuru, kisha bodaboda. Nilizima umeme, nikachomoa kadi, nikafungua skrubu za kava kwa bisibisi ndogo na kuchomoa waya wa feni taratibu. Mapezi niliyaacha palepale. Yalikuwa yameziba vumbi lililogandamana na unyevu wa bahari, nikayasafisha kwa brashi ya rangi. Feni mpya nikazifunga juu yake kwa tai za nailoni, upande wa kupuliza ukitazama mapezi, nikahakikisha mapanga hayagusi waya. Waya zake nikazichomeka kwenye ubao mkuu wa kompyuta, nikaziwekea mwendo wa kudumu.

Kazi ileile, kipimo kikasoma 71. Feni pana husogeza hewa nyingi kwa mwendo mdogo, kwa hiyo kelele ilikwisha. Asubuhi nikamwuliza mama kama amelala.

"Sauti imekwisha, mwanangu," alisema. "Joto liko palepale."

Alikuwa sahihi kuliko kipimo changu. Kadi inayokula wati 150 hutoa joto la wati 150, iwe imevaa kava au iko uchi. Nilichofanya ni kulitoa haraka kwenye chuma na kulimwaga chumbani, chini ya bati, likapita juu ya ukuta usiofika paani hadi kitandani kwake. Na hakuna feni linaloweza kuishusha kadi chini ya joto la hewa linayoipuliza. Mimi nilipata ukimya na picha zisizokwama. Mama ndiye aliyekuwa amekaa barazani na kamba.

Umeme wenyewe una safari kama hiyo. Gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu, mwaka 1974. Tangu 2004 imekuwa ikipita kwa bomba hadi Ubungo kuzalisha umeme, na sehemu ya umeme huo hupoza ofisi za Dar es Salaam, ambazo viyoyozi vyake hutema joto juu ya wapita njia.

Nimesogeza meza hadi ukuta wa nje, na kompyuta nimeigeuza mgongo uelekee huko. Kazi nzito naifanya mchana, mama akiwa uani chini ya mwembe. Fundi alitaka kutoboa tundu la hewa usawa wa meza, kwa kuwa ndiyo rahisi. Nje ya ukuta huo kuna kichochoro, na kila alasiri jirani huweka hapo kigoda chake akisuka ukili. Nikamwomba fundi apande ngazi atoboe juu kabisa, chini ya bati, joto lipite juu ya vichwa vya watu.