Hariri Iliyofumwa Maneno

Leo lasi na shanga tuziweke kando, ingawa nimeanzia kwenye kitambaa kama kawaida yangu.

Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna hariri iliyofumwa Assam, kaskazini mashariki ya India, karne ya 17. Urefu wake unapita mita 9, vipande 12 vimeunganishwa. Fundi mimi, picha zake niliangalia mishono kwanza. Kisha nikagundua kuna maandishi, na hayakutariziwa, yamefumwa humo humo. Ni maneno ya mchezo wa kuigiza wa Sankardev.

Sankardev (1449–1568) alikuwa mwalimu wa dini ya Kihindu aliyefundisha kwa michezo yenye nyimbo na ngoma. Lugha yake ilikuwa Brajavali, mchanganyiko wa Kimaithili na Kiassam. Hakuna mama aliyembembelezea mtoto lugha hiyo. Makao yake yalikuwa satra, yaani nyumba za watawa, khasa za kisiwa cha Majuli katikati ya mto Brahmaputra.

Waliocheza ni wanaume watupu. Hata nafasi za wanawake walipewa wavulana. Karne ya 20 ndipo walimu kama Maniram Dutta Muktiyar walipoitoa ngoma hiyo nje ya satra, na wasichana wakaanza kufunzwa. Mwaka 2000 Sangeet Natak Akademi, chombo cha sanaa cha taifa, kikaitambua Sattriya kuwa ngoma ya jadi ya daraja moja na Bharatanatyam na Kathak.

Basi lugha ikapata watu wapya. Msichana wa Guwahati nyumbani anasema Kiassam. Akitaka kucheza Sattriya, maneno ya wimbo yana ishara zake za vidole na macho. Asipolijua neno, mkono wake unasema uongo, na mwalimu anaona. Inambidi aulize maana. Sisemi kwamba Brajavali sasa inanunuliwa samaki sokoni, la. Lakini imo vifuani mwa wanawake, ambako zamani haikuruhusiwa kuingia kwa mlango huo.

Na nguo zao! Hariri ya pat rangi ya maziwa, na muga yenye dhahabu yake ya asili, haikutiwa rangi.

Mtaniuliza, ibada ya Kihindu inatuhusu nini? Dini yao ni yao. Lakini Assam hiyo hiyo, Azan Fakir, Mwislamu, alitunga zikri kwa Kiassam, na mpaka leo zinaimbwa.

Majuli yenyewe inaliwa na mto, zaidi tangu tetemeko la 1950. Baadhi ya satra zimeshahamia ng'ambo.

Marehemu bibi yangu akiimba nyimbo za harusi kwa Kimakunduchi. Mimi nimebaki na kiitikio, maana yake siijui, na nimekiimba kwenye harusi ngapi! Juzi nimempigia shangazi. Kanambia niende Jumapili, nichukue daftari.